Hushusha Presha

Nianze na kosa langu, maana nikianza na jambo lingine nitajikuta najitetea, na kwa kujitetea mimi sijambo. Mama yetu aliacha kunywa vidonge vyake vya presha kwa sababu ya maneno mawili niliyoyachapa mimi kwenye stika. Lawama aliibeba dada yangu. Yaliyobaki ni namna ilivyotokea, na nataka hasa nieleze habari za Dada, kwa sababu mtaa huu umemsema mpaka ukachoka na hakuna hata mmoja aliyemsema sawasawa.

Dada amenizidi miaka kumi na mmoja. Tumezaliwa wawili tu. Baba alifariki mimi bado natambaa, kwa hiyo nimelelewa na wanawake wawili, mmoja ananichapa na mwingine ananifuta machozi. Wa kuchapa alikuwa Mama. Nilipofungua kibanda changu cha kuchapa kadi, risiti na matangazo, Dada alicheka akasema, "Umechapwa mpaka umeona na wewe uwe mchapaji." Mama alikuwa ananiita Kitinda, kwa vile ndiye niliyefunga tumbo lake, na jina hilo sikulivua hata nilipoota mvi za kwanza.

Kabla hajaanza kazi yake ya mafuta ya kunusa, Dada alikaa miaka tisa idara ya maji akipokea simu za malalamiko. Nilifika pale mara moja kumpelekea mwavuli. Chumba hakina dirisha. Meza tatu, simu tatu, na karatasi ukutani imeandikwa TABASAMU, MTEJA ANASIKIA. Mtu hana spana, hana bomba, hana hata ndoo, lakini bomba likipasuka popote pale mjini, matusi yote yanamwagikia sikioni mwake. "Wewe mwanamke umekaa hapo kula mshahara wa bure, watoto wangu hawajaoga tangu juzi!" Na yeye, kwa sauti ileile: "Pole sana, tunalishughulikia." Nilisimama pale na mwavuli wangu, nikahesabu pole sana ishirini na tatu. Nikaondoka nikiwa nimekasirika kwa niaba yake.

Mwaka wa saba mwili ukagoma. Simu ikilia, hata ya jirani, moyo unamwenda mbio, vidole vinakuwa baridi, kifua kinabana. Siku moja katikati ya pole sana akateleza kwenye kiti akaingia chini ya meza, akijua kabisa kwamba anakufa. Hospitali wakampima moyo, mzima. Damu, nzima. Daktari akamgonga bega akamwambia, "Huna ugonjwa, mama. Ni mawazo tu." Dada alinisimulia jioni ile, kikombe mkononi. Akasema, "Mdogo wangu, kilichonimaliza ni hilo neno tu."

Meza ya pili alikaa mama mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu. Huyo ndiye aliyempa kichupa cheusi cha mafuta ya lavenda, akamfundisha kudondosha tone moja kwenye leso na kuvuta pumzi taratibu kabla ya kuinua simu. Haikuponya kitu. Simu ziliendelea kulia na watu waliendelea kutukana. Lakini alipata pumzi tatu kati ya tusi na jibu, na kwa mtu anayezama, pumzi tatu si haba.

Basi akazama huko sasa. Akasoma, akauliza, akaandika kwenye daftari. Akajua lavenda, mchaichai na maganda ya chungwa, akajua kipi kinatuliza na kipi kinawasha ngozi. Mafuta makali alinunua kwa muuza manukato, kisha anayalainisha kwa mafuta ya alizeti, tone kwa tone, macho yamekodoka kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kila mchanganyiko mpya aliupaka kwanza kiwikoni mwake mwenyewe, akasubiri siku nzima ndipo amguse mtu mwingine. Mwoga yule, nawaambieni! Dada anaogopa kuvuka barabara isiyo na gari.

Alipoacha kazi, Msusi wa mtaa wetu akampa kona nyuma ya saluni yake: kiti kimoja, taulo, na rafu ndogo. Mteja akishasukwa, kichwa kinamwuma kwa kuvutwa, anapita nyuma kwa Dada. Dada anampaka kidogo kwenye paji na vifundo vya mikono, anasimama nyuma yake, anasema, "Pumua. Usiharakishe. Pumua tena." Wakamwita Bi Pumua. Tukacheka wenyewe kwanza, halafu tukaona wanakuja hata wasiosukwa. Alikuwepo mwalimu mmoja ambaye kila Ijumaa alikaa kwenye kile kiti, akalia dakika kumi, akajifuta, akaenda zake kusahihisha madaftari. Dada hakumwuliza hata siku moja analia nini.

Na msidhani alijiona mganga. Mtu akimwambia, "Bi Pumua, nipe dawa," anajibu, "Dawa ziko hospitali. Hapa kuna harufu." Mimi aliniambia hivi: "Mafuta hayaondoi mzigo, mdogo wangu. Unautua kidogo, unabadilisha bega." Yeye mwenyewe hakuwa amepona. Simu yake aliizima mlio kabisa, na ukitaka kumpata ilibidi umwendee kwa miguu.

Sasa Mama. Mama aliishi na mimi, vyumba viwili nyuma ya kibanda, na alikuwa na presha mwaka wa sita. Vidonge vyake vilikuwa vya kumkojoza, na choo tulichangia kaya nne. "Hii siyo dawa," analalamika, "hii ni ajira. Wamenifanya mlinzi wa choo." Akiwahi foleni anatukanwa, akichelewa anaaibika. Lakini alikunywa. Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda ninamwuliza, "Mama, umekunywa dawa?" naye anajibu, "Nimekunywa," na mimi ninakwenda zangu na moyo mweupe, kwa sababu Mama hasemi uongo.

Hilo lazima mlielewe. Si kwamba alikuwa hapendi uongo. Alikuwa hawezi, kama wengine wasivyoweza kupiga mluzi. Ukimletea mtoto mchanga mwenye sura ya kutisha, kila mtu anasema mzuri, mzuri, Mama anamwangalia weee, kisha anasema, "Ana afya." Akibanwa sana anatafuta neno la kweli la kusimamia, hata kama ni jembamba, lakini uongo hausemi. Sisi wanawe alitulea hivyo, na aliyefaulu ni Dada.

Wateja wakaanza kutaka kubeba mafuta nyumbani. Dada akanunua vichupa, akaja kibandani kwangu asubuhi moja na karatasi aliyoiandika kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini: Mafuta ya kunusa na kupaka. Kwa wasiwasi na msongo wa mawazo. Si dawa ya hospitali.

Nikaipima kwa macho. Stika yenyewe upana wake ni ubavu wa kiberiti, ishirini na nne kwenye karatasi moja.

"Dada, hii ni stika au ni wosia?"

"Punguza herufi."

"Nikipunguza watahitaji darubini. Na huu msongo wa mawazo nani anausema? Watangazaji wa redio. Mtu akichoka anasemaje? Bosi ananipa presha. Watoto wananipa presha. Usinipe presha, bwana! Tuandike hivyo."

Akafikiri. "Lakini presha si ndiyo ugonjwa wa Mama?"

Aliuliza. Kwa kinywa chake, amesimama palepale karibu na printa, aliuliza. Nami nikacheka, tena kicheko cha mtu anayejua kazi yake.

"Dada wee! Unataka kuuza au unataka kutunga kamusi? Kila mtu anajua kuna presha na presha."

"Na hilo la mwisho? Si dawa?"

"Nafasi imekwisha. Halafu umeona wapi bidhaa inajitangaza kwamba yenyewe si kitu?"

Akaanza kusugua viganja, kama anavyofanya moyo ukianza kumwenda mbio. Dada hajui kubishana. Miaka tisa ya kuomba radhi kwa bomba ambalo hukulipasua, ukitoka huko huwezi tena kumwambia mtu hapana. Akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua mambo ya kuchapa." Sauti aliyoitumia ni ile ya simu, na mimi niliisikia, nikaendelea kubonyeza kompyuta.

HUSHUSHA PRESHA. Herufi za kijani, nene. Chini yake, kwa herufi ndogo, namna ya kutumia: matone mawili kifundoni, asubuhi na jioni, uvute pumzi. Pembeni nikaweka jani nililolitoa kwenye picha za kompyuta, nadhani hata ni jani la muhogo, lakini lilipendeza. Nikajipongeza. Nikamwita fundi viatu wa jirani aje aone.

Stika nne wino ulichafuka kidogo. Dada hatupi kitu, akazibandika kwenye vichupa vinne akaniachia rafuni, niwape wateja wangu wajaribu. Vitatu niliwapa watu. Cha nne sikukiona, nikadhani nacho nimempa mtu.

Mama ndiye aliyekuwa akifuta vumbi kibandani. Mama alisoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa sabuni. Akavaa miwani yake, akasoma kazi ya mwanawe mmoja kwenye chupa ya mwanawe mwingine, na akaelewa kama ilivyoandikwa. Ningekuwa mimi, ningeelewaje? Neno lile ndilo aliloambiwa kliniki miaka sita, ndilo lililo kwenye kadi yake, ndilo ninalolisema mimi nikimkanya chumvi. Binti yake ametengeneza dawa ya presha, dawa isiyokimbiza mtu chooni! Na kwa nini hakumwambia? Kwa sababu alitaka kwanza kipimo kishuke, ndipo aende saluni mbele za watu wote akamshuhudie mwanawe. Haya aliyasema mwenyewe baadaye, wodini, kwa ulimi mzito.

Wiki sita. Mara nyingine ninalala chali ninazipitia siku moja moja kutafuta mahali ambapo ningeweza kushtuka, na ninapapata, tena si mahali pamoja tu. Kila asubuhi niliuliza, "Mama, umekunywa dawa?" Na Mama, tangu siku ile, alijibu, "Nimetumia."

Nimetumia! Mimi ninayekula kwa maneno, ninayemrudishia mteja kadi ya harusi kwa sababu ya koma, nimeuliza kunywa nikajibiwa kutumia, asubuhi arubaini na zaidi, na sikusikia. Alikuwa ananiambia ukweli wake mwembamba, na mimi nikaenda kufungua kibanda.

Harufu? Nyumba yetu ilinuka mchaichai na lavenda kutoka mlangoni mpaka jikoni, maana Dada alichanganyia mafuta yake kwetu na makopo yalijaa kila pembe. Ungemnusa nani ukamwacha nani. Na kliniki alikwenda mwenyewe. Mashine ilionyesha presha imepanda sana, muuguzi akamwuliza, "Mama, unatumia dawa ya presha?" Akajibu, "Natumia, asubuhi na jioni." Muuguzi wa watu afanye nini? Akadhani kidonge hakina nguvu, akamwongezea kingine. Mama akarudi na pakiti mpya, akaniambia imepanda kwa sababu alipanda ngazi. Nami nilipoiona pakiti nikafurahi, nikasema sasa wanamhudumia vizuri.

Kibaya zaidi ni kwamba tulikuwa na raha. Mama haendi tena chooni kila saa, analala, anaimba akifua. Nilimwambia Dada, "Siku hizi Mama amechangamka." Dada akatabasamu, akasema, "Afadhali, mdogo wangu. Mmoja wetu apumue."

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nakata kadi. Mama akatokea mlangoni na kikombe cha chai, akasema kitu ambacho sikukielewa. "Unasemaje, Mama?" Akasema tena, na hayakuwa maneno. Kikombe kikamtoka mkono wa kulia, akakitazama pale sakafuni kwa mshangao, kama mtu aliyemwona mtoto wa mwenzake akifanya utundu. Halafu mdomo ukavutwa upande. Nilimdaka kabla hajafika chini, na mpaka leo sijui nilitoa wapi sauti niliyoitoa.

Kiharusi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu, akaniuliza, "Alikuwa anakunywa dawa zake?" Nikamwapia. Nikasema kila siku, hakosi, mimi mwenyewe ninamwuliza. Akasema nimletee hizo pakiti azione. Nikaenda nyumbani mbio, nikapekua kabati, nikafungua kopo la majani ya chai lililokuwa chini ya kitanda chake. Vidonge vyote vilikuwamo, vya zamani na vya kuongezewa, vimefungwa kwenye karatasi safi, kwa sababu alikuwa amepanga kuvirudisha kliniki wapewe wasiojiweza. Chini ya mto nikakuta kichupa, kimebaki nusu, na stika yake yenye wino uliochafuka.

Nilikaa kwenye kitanda kile nikajipiga makofi. Sisemi kwa mfano. Nilijipiga makofi kama mtoto, mpaka jirani akagonga ukuta.

Wodini nilimkuta Dada ameshika mkono wa Mama, ule usiosikia. Nikamwonyesha kopo, nikamwonyesha kichupa. Akasoma stika polepole, midomo inacheza. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nataka, jamani, nilikuwa natamani anirukie mbele ya wagonjwa wote tumalizane. Akasema tu, "Kumbe hiki ndicho alichotumia," akakitia mkobani, akarudi kuushika mkono.

Siku ya tatu Mama akapata maneno, mazito, yanatoka moja moja. Tukalia kwa furaha. Muuguzi akaleta vidonge na maji, Mama akafunga mdomo. Akajaribu tena, Mama akageuza uso. Kisha kwa mkono wa kushoto akaunyooshea kidole mkoba wa Dada.

"Yako," akasema. "Nipake... yako."

Dada akaukumbatia mkoba.

"Nisamehe, mwanangu. Nilipaka kidogo. Nilikuwa... naibania, isiishe." Halafu, kwa muuguzi, na ule upande wa uso uliobaki hai ukang'aa kabisa: "Ameitengeneza... huyu. Binti yangu."

Muuguzi akatutazama sisi wawili, akaondoka na vidonge vyake. Daktari akatuita korido. Hakutuzungusha. Alisema kipimo bado kiko juu sana, Mama asipomeza dawa mshipa mwingine utapasuka na huo hautamwacha, na kumlazimisha mgonjwa mwenye akili zake ni vigumu. "Ninyi ndio wanawe. Mwambieni yale mafuta si dawa."

Nikasema, "Nitamwambia mimi." Nilisema kwa nguvu kabisa, Dada akaitikia kwa kichwa. Tukarudi. Nikasimama miguuni pa kitanda nikashika chuma, nikafungua mdomo. Mama akaninyanyulia macho yake, yale ambayo hayajawahi kunidanganya. Nikasema, "Mama, unajisikiaje?"

Dada akaona. Akavuta kiti, akakaa karibu na sikio la Mama, akaanza kusugua viganja, akaacha.

"Mama, yale mafuta hayashushi presha."

"Yanashusha. Imeandikwa."

"Imeandikwa, lakini si kweli. Ni mafuta ya kunusa. Ukiwa na wasiwasi unanusa, unatulia kidogo, basi. Presha yako hayaiwezi. Kunywa vidonge, Mama, nakuomba."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa, akakohoa mpaka akamaliza. Nilimwona Mama anatafuta, kama anavyotafutaga neno la kweli kwa mtoto mwenye sura mbaya, na safari hii halikupatikana jembamba.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukawauzia watu." Akapumzika. Akavuta nguvu kutoka sijui wapi, neno kwa neno. "Kumbe mwanangu... unawapaka watu mafuta... kwa mgongo wa chupa."

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Mbele yangu palikuwa wazi kama mlango. Mama, si yeye. Yeye aliandika si dawa, mimi nikafuta. Yeye aliuliza, mimi nikacheka. Sentensi mbili, mimi nimechapa sentensi maelfu. Lakini nilikuwa nimeyaona macho aliyomtazama nayo Dada, na sikutaka yageukie kwangu. Niliogopa. Jitu zima la miaka thelathini na minne limemwogopa mwanamke aliyepooza ubavu. Nikashika kile chuma, nikanyamaza.

Dada akasema, "Nisamehe, Mama."

Mama akafungua mdomo, akameza vidonge, vyote. Maji yakamchuruzika upande ule usiofunga. Dada akainuka na leso amfute. Mama akaugeuzia uso ukutani, akanyanyua kidole kile cha kushoto kuelekea miguuni pa kitanda.

"Kitinda," akasema. "Kitinda anifute."

Nikaenda nikamfuta. Nikamfuta mdomo na kidevu, naye akaniangalia kwa upendo, na Dada alikuwa amesimama pembeni na leso yake. Vidonge vilikuwa vimechelewa. Siku mbili baadaye mshipa wa pili ulipasuka, saa za mchana, wakati wa kubadilisha mashuka. Katika siku hizo mbili aliongea na mimi, aliongea na muuguzi, alimwuliza mgonjwa wa jirani habari za wanawe. Dada alimgeuza, alimwosha, alimchana nywele. Hakupata neno hata moja.

Tulizika. Mdomo wa mtaa ukafunguka. Bi Pumua kamuua mama yake kwa vichupa, Bi Pumua alijua, mama mtu kasema mwenyewe wodini. Ulimi hauna mfupa. Msusi, ambaye ni mwanamke mwema, alimwita Dada pembeni akamwomba akiondoe kile kiti, kwa sababu wateja wanaogopa. Mwalimu wa Ijumaa alikuja akakuta patupu, akasimama kidogo akaondoka. Na mimi? Mimi walinipa pole. Walisema pole sana kijana, kumpoteza mama kwa mkono wa ndugu yako. Na nilizipokea zile pole, sikurudisha hata moja.

Dada amerudi idara ya maji. Walimchukua siku ileile, maana hakuna anayeitaka ile kazi. Sasa harufu ya lavenda ikimpitia tu anatapika, kwa hiyo hana leso, hana tone, hana zile pumzi tatu. Mwezi uliopita aliingia chini ya meza mara mbili. Alipotoka mara ya pili simu ilikuwa bado hewani, mteja bado anatukana, akaichukua akasema pole sana.

Jumapili iliyopita nikaenda chumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazini. Nikamwambia yote anayoyajua tayari, stika, kicheko, chuma cha kitanda, nikalia mpaka kamasi. Hakuinua kichwa. Nikamwuliza lile linalonikosesha usingizi: "Dada, ulinyamazia nini? Kwa nini hukumwambia Mama kuwa ni mimi niliyeandika?"

Akanyunyiza maji kwenye kola.

"Ningemwambia," akasema, "nani angemfuta mdomo?"

Akaigeuza blauzi, akaendelea na mikono.